Mwili wa Saba

Alunguli, 5 Oktoba 2024, Jumamosi

Kaye mpya, daftari la kuandikia. Ile ya zamani mchwa wameianza, na mimi sina ugomvi na mchwa, wale wanachotaka. Mvua imefika kwa kweli. Mvua ikinyesha rangi haikauki, na rangi isipokauka mwandika vibao kama mimi hana kazi: hakuna farmasi, hakuna saluni, hakuna fundi cherehani anayetaka jina lake ukutani. Msimu huu wote mikono yangu ni ya Profe Arsène.

Niandike vizuri, maana Mama ameniuliza leo mara tatu ninachora nini, na mara tatu nimeshindwa kumweleza. Arsène anafundisha fizikia ng'ambo ya mto, mtaa wa Kasuku. Ametunga mchezo. Si mpira, si karata. Watu wanne watano wanakaa mezani, kila mmoja anachukua mtu wa kubuni na kusema huyo mtu anafanya nini. Mmoja anasimulia yanayowapata, na penye shaka wanatupa dadu. Ni mwaka 2300, hapa hapa kando ya mto Lualaba, na hakuna tena anayeishi katika mwili aliozaliwa nao. Unaingia karakana iliyo chini ya mto, unachagua mwili uliotengenezwa, unauvaa kama shati. Miili yenyewe tunaitoa kwenye hadithi za bibi zetu. Arsène anapiga hesabu, mimi nachora. Miili kumi na miwili, iwe imefika kwa mchapaji Kisangani kabla ya Noeli.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na ile mwili ya kwanza, wanaiweka wapi?"

Nimemwambia nitamuuliza Profe.

8 Oktoba

Mwili wa kwanza umekwisha. Kakakuona. Wazee wa Pangi wanasema kakakuona ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba, kwa jinsi magamba yake yanavyopandana. Basi huyu mtu wetu mgongo wake ni paa, na watoto wanne wanaenea chini yake mvua ya sumu ikinyesha. Kila mwili una uwezo mmoja na mwiko mmoja. Mwiko wa kakakuona: akifa asiguswe mpaka ukoo wote ukusanyike. Arsène amefurahi mpaka akasahau mwavuli wake kwetu.

9 Oktoba

Mvua.

14 Oktoba

Mamba. Tumebishana saa nzima juu ya mapafu. Mimi nasema akae chini ya maji siku mbili, kama kwenye hadithi. Profe anasema dakika arobaini, fizikia hairuhusu. Nimemwambia fizikia ilale njaa. Tumekubaliana saa moja.

17 Oktoba, Alhamisi

Assani amerudi kutoka Punia, tope mpaka kwenye kofia. Huyu Assani na pikipiki yake ndiyo posta yetu: anabeba mchele, dawa na maneno ya watu. Leo alibeba neno la mama mdogo Zawadi, mdogo wake Mama wa tumbo moja. Mumewe alifariki mwezi wa saba, ndugu za mume wamechukua nyumba, yeye analala jikoni kwa jirani. Anaomba kurudi kwetu. Ni mwaka wa ishirini na mbili tangu aondoke.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Mwambie katika nyumba hii alishaua mutoto yangu mara moja. Inatosha."

Assani akaniangalia mimi. Nikaangalia mchele.

22 Oktoba

Arsène, ambaye huniita yaya, dada mkubwa, amesema, "Yaya Ramla, tunakosa mwili ya vita. Wachezaji watauliza."

Mdomo wangu ulijibu kabla yangu. "Kuna wa maji. Risasi ikimgusa inageuka maji."

"Na mwiko?"

"Asipokee kitu mkononi mwa mwanamke. Hata chakula. Awekewe chini, aokote."

Profe aliruka kwenye kiti. Akasema huo ndio mwili bora wa mchezo mzima, na nimeupata wapi? Nikasema kwa wazee. Mwongo mkubwa mimi. Hakukuwa na mzee yeyote. Ni Kasimu, mdogo wangu, aliyeniambia miiko hiyo kwa kuihesabu kwenye vidole, na alikuwa na miaka kumi na minne.

Huo ndio mwili wa saba.

26 Oktoba

Nilianza na uso. Sikutaka uso wa mtu, nilitaka uso wa kiwandani, laini, usio na mwenyewe. Ukaja na pengo la jino la juu upande wa kushoto. Nikafuta. Nikachora mdomo uliofumbwa, na bado pengo linaonekana. Sijui nieleze vipi: mdomo umefumba, na ukiutazama unajua pengo liko ndani.

28 Oktoba

Mikono inanishinda. Nimechora ngumi. Nimefuta.

29 Oktoba

Nimefuta.

30 Oktoba

Mara ya nne. Nachora ngumi, naenda kupika, nikirudi naiona imefunguka. Si uchawi, najua, ni karatasi: imelowa unyevu na mistari ya chini inapanda. Najua. Lakini leo nimeikalia mchana kutwa bila kupika ili niwe na uhakika, na Mama ameniuliza kama ninaumwa.

2 Novemba

Paa linavuja juu ya meza. Nilikuwa nje natafuta beseni, niliporudi Mama alikuwa amesimama mbele ya mchoro. Hana miwani, haoni hata herufi za kwenye kibao, lakini alikuwa ameinama kabisa.

"Huyu anaomba nini?"

Nikamwambia haombi, ni mchezo tu wa Profe.

"Anaomba," akasema. Akachukua sinia akaliweka juu ya karatasi, polepole, kama unavyomfunika mtu aliyelala. "Mufunike. Analowa."

Akaenda zake kusali. Mimi nilibaki na beseni mkononi.

5 Novemba

Mwili wa nane, kinyonga. Nimeumaliza asubuhi moja. Hawa wengine wote ni wepesi.

11 Novemba

Mvua na radi. Mto umepanda mpaka kwenye bustani za chini. Mama amesema juu ya jirani yetu anayeficha kikohozi chake, "Mficha maradhi, kifo kitamuumbua." Nimekohoa mimi.

16 Novemba, Jumamosi

Leo tumejaribu mchezo nyumbani kwa Arsène, baada ya chakula cha mchana. Nimevuka na mtumbwi wa injini, michoro ndani ya mfuko wa plastiki kifuani. Tulikuwa wanne. Arsène anasimulia. Bénie, msichana anayesomea uuguzi, mcheshi, mdomo kama redio, akachagua mwili wa saba bila hata kutazama mingine. Isidore anayetengeneza simu akawa dada yake. Mimi nikakaa pembeni kuangalia.

Arsène akasimulia: siku ya tatu msituni, maji kila mahali, hakuna chakula, maadui wako ng'ambo ya kijito. Isidore akasema, "Miye niko na samaki moja. Namupa mudogo yangu."

"Unamuwekea chini?" Profe akauliza.

"Chini iko maji. Namupa kwa mukono."

Bénie akafikiri kidogo. "Nakula. Siku tatu! Muntu gani anakataa samaki?"

Dadu ikatoa moja. Arsène, kwa ile sauti yake ya darasani: "Mwiko imevunjika. Risasi ya kwanza inaingia."

Mama yangu! Kicheko kilichotoka hapo. "Isidore! Njo weye! Ni weye umeua mutoto wa watu!" Isidore anajitetea, "Aka! Miye nilimupa samaki tu!" Bénie amelala juu ya meza, ulimi nje, amekufa, anacheka kuliko wote: "Mukono yake iko na mukosi! Musimpe hata salamu!" Mpaka tunaagana walikuwa wanamkwepa mkono, naye anawakimbiza nao.

Hakuna aliyeuliza nani alipiga ile risasi. Nilisubiri. Hata mmoja.

Arsène amenisindikiza mpaka kwenye maji anaimba. Amesema mwili wa saba ndio utauza kitabu.

17 Novemba, Jumapili

Nitaandika sasa. Nisipoandika leo nitakufa nayo.

Mwaka 2002 mji ulizingirwa. Mashua hazikuja, treni haikuja, kila barabara ilikuwa na wenye bunduki wake. Tulikula matembele, kisha majani ya mpapai, kisha tukawa tunachemsha maji na chumvi ili majirani waone moshi na tusipate haya. Tulikuwa wanne nyumbani: Mama, mama mdogo Zawadi aliyekuwa anatupikia, mimi, na Kasimu. Kisha tukawa watatu, kwa sababu Kasimu aliwafuata vijana wa maji, wapiganaji wa msituni.

Walimuosha kwa maji ya dawa na kumpa miiko. Asiguse sabuni. Asishikane mkono na mtu. Asipokee kitu mkononi mwa mwanamke. Akiishika yote, risasi itakuwa maji.

Alikuja siku ya Ijumaa, mchana, akipitia kwenye bustani. Mama alikuwa msibani. Mimi nilikuwa na wali, viganja viwili, nilioupata kwa kufua nguo za watu, na sombe, majani ya muhogo, bila mafuta. Nikaufunga kwenye jani la mgomba nikamtolea nje. Alisimama hatua tatu kutoka kwangu. Amekonda, macho makubwa. Ni mimi niliyemlea huyu, nilimbeba mgongoni mpaka mgongo ukapata umbo lake, na sasa ananikimbia kama mgonjwa wa ukoma.

"Yaya, weka chini. Nitaokota."

Hasira ilinipanda. Mimi na hasira tumezaliwa pamoja. "Niweke chini? Weye ni mbwa? Katika nyumba hii muntu anapokea chakula kwa mikono miwili. Pokea au rudi ulikotoka!"

Aliogopa. Niliona. Lakini aliniogopa mimi kuliko risasi, ndivyo nilivyomlea. Akakaribia, akaunganisha viganja vyake vyote viwili, wazi, kama Mama alivyotufundisha, na nikamwekea jani mikononi. Alikula amesimama. Akalamba jani. Akacheka na lile pengo lake akasema, "Kumbe hakuna kitu."

Jumapili walimpiga risasi karibu na reli.

Mkubwa wa vijana wa maji alikuja Jumatatu na shati la Kasimu. Akakaa kwenye kiti chetu, bunduki mapajani, akasema, "Maji haikosei. Muntu mmoja wa hapa alimupa kitu kwa mukono. Nani?"

Mama akamgeukia Zawadi, kwa sababu Zawadi ndiye mwenye jiko. Zawadi hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliendelea kupepeta ungo usio na kitu. Mkubwa akamtemea mate mbele ya miguu, akaondoka. Na Mama akamfukuza mdogo wake mchana ule ule, akiwa na kanga moja, katikati ya vita.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Nilikuwa na miaka ishirini. Mdomo nilikuwa nao.

20 Novemba

Sijalala vizuri. Sijachora.

24 Novemba

Assani anaondoka kesho kwenda Punia. Amekuja kuchukua jibu la Mama kwa Zawadi. Mama amesema, "Jibu ni ile ile. Kama hana kwa kulala, alale kwa makaburi na mutoto yangu."

Nimefungua mdomo. Nimesema, "Assani, angalia daraja la pili, wanasema limeoza."

Hilo ndilo nililosema. Mungu anisamehe, daraja!

29 Novemba

Nimevuka kwa Arsène na karatasi ya mwili wa saba. Nimemwambia kanuni ibadilike.

"Yaya, haiwezekani. Bila mwiko, mwili haina mizani. Haizuii risasi bure."

"Haizuii kabisa," nikasema. "Haikuzuia hata siku moja."

"Basi mwiko ya nini?"

"Ya kupata mtu wa kulaumu."

Akaniangalia. Nikamweleza kuhusu Kasimu, kwa ufupi, bila kulia, nikizitazama dadu zake. Nilidhani atanipa pole za watu wa shule. Alizungusha kalamu yake ya biki, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kwetu walisema njo nyanya yangu. Alimushika kaka yangu bega tu. Nyanya hakuishi mwaka baada ya ile."

Basi nikamsogezea karatasi ile. Baadaye tuliandika pamoja, na nimenakili hapa:

Mwili wa saba hauzuii risasi. Anayesimulia peke yake ndiye ajue. Mwenye kuuvaa aambiwe unazuia, na apewe miiko mingi. Akifa, watu wa mezani wataanza kumtafuta aliyemlisha. Anayesimulia awaache kidogo, kisha awaulize: nani alipiga?

Arsène ameogopa kwamba wachezaji watakasirika. Nimemwambia wakasirike. Nilirudi na mtumbwi wa saa kumi, nikiona haya: karatasi nimeiambia ukweli, profesa nimemwambia, na mama yangu mzazi bado.

30 Novemba

Nilitaka kumwambia. Wageni walikuja.

3 Desemba

Hakuna wageni waliokuja. Ni mimi tu.

6 Desemba, Ijumaa

Mama alikuwa bado kwenye mkeka, ametoka kusali. Nilikaa chini mbele yake kabla miguu haijabadili nia.

"Mama, si Zawadi. Njo miye. Kasimu alikuja Ijumaa, ulikuwa msibani. Nilimpa wali kwa mkono wangu. Yeye aliniomba niweke chini, nikakataa, nikamtukana mpaka akapokea."

Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba nikadhani hakusikia, nikataka kurudia.

"Alikula?" akauliza.

"Alikula."

"Yote?"

"Yote, Mama."

"Alishiba?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno dogo na lingemsaidia. Lakini nimechoka na uongo, umenilia miaka yangu yote. Nikasema, "Hapana. Ilikuwa wali kidogo."

Mama akatikisa kichwa, akatikisa tena. "Miaka hii yote nilisema alikufa hajakula kwetu. Kila nikipika." Kisha akanipiga kofi, moja, la sawasawa. Nina miaka arobaini na miwili na sikio linalia hata sasa ninavyoandika. Nililistahili, na nilimshukuru moyoni.

Baadaye aliniita jikoni. "Zawadi iko na simu?"

"Ya Assani, akimfikia."

"Mutafute Assani."

8 Desemba

Mtandao wa Punia hakuna.

9 Desemba

Hakuna. Mama amevaa kitenge chake kizuri tangu asubuhi na amekaa na simu yangu mapajani. Hajala.

10 Desemba, Jumanne

Saa tisa mchana imeita. Sauti ya Assani, kisha upepo, kisha sauti ya mwanamke mzee ambayo sikuitambua. "Allo? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama mudogo. Ni Ramla."

Nilimwambia. Nilifungua sauti ili Mama asikie. Nilisema kila kitu kama nilivyosema Ijumaa, kisha nikaita allo, allo.

"Niko," akasema Zawadi. "Mutoto, weye unafikiri unaniambia habari mupya? Nilikuwa nyuma ya jiko. Niliona mukono yako na niliona yake."

Nikauliza, "Kwa nini hukusema?"

"Ule muntu alikuwa na bunduki kwa mapaja, anauliza jina. Ulitaka nimupe jina gani?"

Nililia hapo hapo, kwa sauti, kama mtoto. Miaka ishirini na miwili nilidhani siri ni yangu. Kumbe kuna mtu aliyeibeba kwa miguu mpaka Punia, na mimi nikamwachia aibebe peke yake.

Mama akaninyang'anya simu. Aliishika kwa mikono miwili, mbali na sikio, hajui kuitumia. "Zawadi," akasema. "Zawadi, njo miye."

"Najua ni weye, dada."

"Nilikufukuza."

"Ulinifukuza. Mchana, na jua. Mutoto yangu ya kwanza nilimupoteza kwa ile njia, kilometa ya sitini. Hukujua niko na mimba. Hata miye nilikuwa nimehesabu siku tu."

Mama alifumba macho. Hakuna aliyejua hilo. Nilimshika bega nikahisi jinsi mifupa yake ilivyo midogo.

"Nitakuja," Zawadi akasema. "Assani anasema njia itapitika mwezi wa kwanza. Lakini nikisikia hata jirani moja anasema mumenisamehe, narudi siku ile ile. Hakuna kitu ya kunisamehe."

"Hakuna," Mama akasema. "Hakuna, ndugu yangu. Hakuna."

Kisha akalia. Shati la Kasimu lilipoletwa hakulia, nakumbuka, alimtafuta tu mwenye makosa. Leo alilia kwa muda mrefu, simu mikononi, na Zawadi huko Punia, juu ya kilima penye mtandao, katika mvua, hakukata.